Barua ya wazi: Maoni ya wahadhiri yafike kwenye ukurasa

Kwa wakuu wa taaluma wa vyuo vikuu, wakurugenzi wa vitengo vya ufundishaji na ujifunzaji, na wote mnaoandika, mnaoagiza na mnaoidhinisha miongozo ya kuwafunza wahadhiri kufundisha.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mhadhiri ambaye pia hupewa jukumu la kuwa mwezeshaji katika semina za wahadhiri wenzangu. Miongozo yenu naijua kwa pande zote mbili: naisoma kama anayefundishwa, kisha nasimama mbele ya watu kuifafanua. Nina jambo moja. Kila semina ikiisha mnakusanya maoni, maoni yanaandikiwa ripoti, ripoti inapokelewa, na mwongozo wenyewe haubadiliki. Mwaka unaofuata tunarudi ukumbini na toleo lilelile, lenye kosa lilelile kwenye ukurasa uleule, pamoja na dodoso jipya la kutuuliza kama tumeridhika.

Nitoe mfano ili tusizungumze hewani. Moduli ninayoitumia kufundishia uandishi wa matokeo ya kujifunza ina jedwali la vitenzi lililojengwa juu ya ngazi za kufikiri za mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake, zilizochapishwa mwaka 1956 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2001. Ukurasa wa maelekezo unamkataza mhadhiri kutumia kitenzi "kuelewa" kwa sababu hakipimiki. Akifunua ukurasa unaofuata, anakikuta kitenzi hichohicho kimekaa juu ya safu ya pili ya jedwali, kwa kuwa ndilo jina la ngazi hiyo tangu marekebisho ya 2001. Ufafanuzi upo na ni mfupi: jina la ngazi halikukusudiwa kuwa kitenzi cha kupimia. Sentensi moja ingemaliza utata, lakini haimo. Basi katika kila semina kuna mtu anayenyoosha mkono, tunafafanua, tunaandika kwenye ripoti, na semina ijayo tunafafanua upya.

Kosa hilo ni dogo, na nimelichagua kwa sababu hiyo. Kama sentensi moja inashindikana kuongezwa baada ya kuombwa tena na tena, moduli nzima iliyopitwa na wakati itarekebishwa na nani?

Wahadhiri wengi huajiriwa kwa shahada zao za utafiti. Mtu amesomea kemia, sheria au historia ya uchumi kwa miaka, ameandika tasnifu, kisha anakabidhiwa darasa. Ualimu hajausomea. Semina fupi ndiyo shule yake pekee ya ualimu, na mwezeshaji akishaondoka kinachobaki mikononi mwake ni kitini, yaani nakala ya mwongozo wenu. Hicho ndicho anachokifungua usiku wa kuamkia kipindi cha kwanza, au siku anapotakiwa kuwasilisha mpango wa somo, na saa hiyo hana wa kumuuliza. Akikuta maelekezo yenye utata, ataruka. Akiruka, wanafunzi wake watakosa kile mlichokusudia wakipate, nanyi hamtajua, kwa sababu dodoso lake mlilikusanya wiki nyingi nyuma, kabla hajaanza kukitumia kitini chenyewe.

Kuanzia mwaka 1959, Donald Kirkpatrick alichapisha mfululizo wa makala zilizoigawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: jinsi washiriki walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, kilichobadilika katika utendaji wao kazini, na matokeo yaliyopatikana. Mnazijua. Lakini dodoso la mwisho wa semina hukomea ngazi ya kwanza. Linauliza kama malengo yalikuwa wazi, kama mwezeshaji aliimudu mada, kama ukumbi ulifaa. Hujazwa watu wakiwa wameshafunga mabegi, mwezeshaji akiwa amesimama mlangoni akizipokea karatasi kwa mkono wake. Hata wastani ukija 4.5 kati ya 5, hautamwambia mwandishi wa moduli ni ukurasa upi umemkwamisha nani. Hakuna swali lililouliza hivyo.

Isitoshe, kuridhika si ushahidi wa kujifunza. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fizikia. Waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata alama bora zaidi kwenye mtihani kuliko waliosikiliza mihadhara iliyoandaliwa vizuri, ingawa wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale wengine. Mhadhiri akiwa kwenye semina ni mwanafunzi siku hiyo, na sioni kwa nini hisia zake ziwe mizani bora kuliko za wanafunzi wale. Slaidi zilizopangika na msemaji hodari vinaweza kumwacha ameridhika kabisa na bado hajui aanzie wapi atakapokaa peke yake.

Kuna njia nyingine, na nimeiona ikifanya kazi. Mpeni mhadhiri mwongozo wenu pamoja na kazi halisi ya kufanya, mwombeni aseme kwa sauti kila kinachompitia kichwani, kisha kaeni kando yake mnyamaze. Njia hii ina mizizi katika saikolojia: mwaka 1980 Anders Ericsson na Herbert Simon walieleza ni katika mazingira gani maneno ya mtu anayefikiri kwa sauti yanaweza kuchukuliwa kuwa data, na miaka miwili baadaye Clayton Lewis wa kampuni ya kompyuta ya IBM akaieleza kuwa njia ya kupima mifumo ya kompyuta. Haihitaji maabara. Inahitaji meza, muda wa kipindi kimoja, na mtu mwenye subira ya kutosaidia. Hilo la kutosaidia ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa mtu aliyeuandika mwongozo mwenyewe.

Niliketi hivyo na mwenzangu anayefundisha uhandisi mwaka wa kwanza, darasa kubwa. Kazi yake ilikuwa kutumia moduli ya tathmini kuandaa rubriki, yaani jedwali la vigezo na viwango vya kusahihishia, ya ripoti ya maabara. Utangulizi aliupitia haraka, "sawa, sawa." Akafika kwenye mfano, akakuta ni rubriki ya insha. Akatulia. "Hii ni ya watu wa fasihi," alisema, akaanza kufunua kurasa za mbele akitafuta mfano wa maabara, akafika mwisho wa moduli bila kuupata, akarudi. Akaamua kuubadilisha ule wa insha. "Hoja kuu" akaigeuza kuwa "lengo la jaribio." Kwenye "mtiririko wa mawazo" alikaa muda mrefu, akauacha kama ulivyo huku akisema hajui utaupimaje kwenye ripoti ambayo nusu yake ni majedwali na grafu. Kisha akafika pale mwongozo unaposema rubriki iwe na viwango vinne, na hapo akaweka kalamu chini. Fomu ya alama ya idara yake inataka asilimia. Kiwango cha tatu ni asilimia ngapi? Mwongozo hausemi. Alijaribu kuigawa mia kwa nne, akaona kwamba kiwango cha chini kabisa, ambacho mwongozo unakieleza kuwa ni kazi isiyotosheleza, kinampa mwanafunzi robo ya alama zote hata kama hakuandika chochote cha maana. Akacheka kidogo, akasema, "Basi nitatumia ile yangu ya zamani," akakifunga kitini.

Huyuhuyu alikuwa ameniambia kwamba kwenye dodoso la semina aliweka tiki kwenye "nimeridhika sana." Hakudanganya, semina ilimpendeza kweli.

Tazameni tulichokipata kwa muda ule mfupi. Mfano mmoja tu, tena wa taaluma moja. Hakuna maelezo ya jinsi kigezo kinavyobadilika kazi inapokuwa ya namba na michoro badala ya aya. Hakuna daraja kati ya viwango vya rubriki na alama ambazo chuo kinazidai. Na kuna hatua ambapo mtumiaji anakata tamaa, tunaijua hadi sentensi. Marekebisho yote hayo hayazidi kurasa mbili. Mwandishi wa moduli angekuwa amekaa nasi, nina hakika angeanza kuandika kabla mwenzangu hajanyanyuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na miongozo hii huandikwa na watu ambao aghalabu hawatalazimika kuitumia kusahihisha ripoti za darasa zima kwa wiki mbili.

Mtauliza ni wahadhiri wangapi wanatosha. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu kwamba ikiwa mtumiaji mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, basi watumiaji watano watafichua takriban asilimia 85. Takwimu zao zilitoka kwenye mifumo ya kompyuta, kwa hiyo sidai kwamba asilimia hizo zinahamia moja kwa moja kwenye vitini. Ninachowaombeni mkichukue ni ushauri ambao Nielsen aliujenga juu ya hesabu hiyo: badala ya kupima mara moja na watu 15, pimeni na watano, rekebisheni, pimeni tena na watano wengine, rekebisheni, kisha na watano wa mwisho. Duru ya pili ndiyo inayowaonyesha kama marekebisho yenu ya duru ya kwanza yamesaidia au yameleta utata mpya. Na hao watano wasitoke sehemu moja. Mtafuteni wa darasa la watu mia tatu kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni, ambaye mwongozo unamwambia awapange wanafunzi wanne wanne wakitazamana. Mtafuteni anayefundishia wodini, anayefundisha mtandaoni tu, na yule aliyeajiriwa muhula huu. Watano wote wakitoka kitivo cha elimu, mtakuwa mmejipima wenyewe.

Hiyo ni kabla ya kuuchapisha mwongozo. Baada ya hapo inakuja kazi ambayo sijaona ikifanywa kwa utaratibu popote nilipopita: kurudi kwa mhadhiri akiwa katikati ya muhula, mambo yakiwa bado mabichi. Msimuulize kama mafunzo yalikuwa na manufaa, kwa sababu atasema ndiyo kwa adabu. Muulizeni ni shughuli gani aliyoijaribu darasani, ilichukua muda gani kulinganisha na uliopangwa, aliikatisha wapi. Muulizeni aliruka nini. Kwangu mimi hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu ukurasa ambao watu wote wameuruka unawaambia jambo ambalo hakuna anayethubutu kulisema mbele yenu. Waombeni pia nakala zao. Wahadhiri wengi wameshaurekebisha mwongozo wenu kimyakimya: wamefuta slaidi, wamebadilisha mifano, wameandika pembeni kwa kalamu "hii weka baada ya zoezi la pili." Marekebisho hayo yamefanywa na watu waliokwisha kuyajaribu mbele ya wanafunzi, na yamelala kwenye droo na kompyuta zao.

Hapa pana kikwazo ambacho mnaweza kukiondoa kwa uamuzi wa siku moja. Miongozo mingi hutolewa kama faili lililofungwa, lisiloharirika, lenye onyo la hakimiliki kwenye kila ukurasa. Mhadhiri akitaka kubadilisha mfano mmoja, inabidi auandike mwongozo upya. Jina la rasilimali huria za elimu, yaani vifaa vya kufundishia ambavyo yeyote anaruhusiwa kuvitumia na kuvirekebisha bure, lilianza kutumika kwenye mkutano wa UNESCO mwaka 2002, na mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha pendekezo rasmi kuhusu rasilimali hizo, likizitaka nchi wanachama kujenga uwezo wa watu wa kuziunda, kuzitumia, kuzirekebisha na kuzisambaza. Mwongozo wa kumfundisha mhadhiri, tena uliolipiwa na fedha za umma au za ufadhili, una sababu gani ya kufungwa? Toeni faili linaloharirika, kwa leseni inayoruhusu marekebisho kwa sharti la kumtaja mwandishi, na muweke mahali ambapo nakala zilizorekebishwa zinaweza kurudishwa.

Sasa niwazungumzie wale ambao sauti zao hazifiki kabisa.

Ni vigumu kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu kusema "sikuelewa." Ni vigumu zaidi kusema hivyo kwenye fomu inayopitia kwa mkuu wa idara yake, na ni vigumu kupindukia akiwa bado yuko kwenye kipindi cha majaribio au ana mkataba wa muda unaosubiri kuhuishwa. Nimeona wasaidizi wa wahadhiri wakikaa kimya semina nzima, kisha wakanifuata kwenye korido na maswali ambayo yangemsaidia kila mtu ukumbini. Maswali yao ndiyo mazuri kuliko yote, kwa sababu bado hawajajifunza kujifanya wanajua. Mkitaka kuyapata, yatengeni maoni kuhusu kitini na tathmini ya mtu. Maoni yasipitie kwa msimamizi wa mhadhiri, yasitiwe kwenye jalada lake la kupandishwa cheo, na hilo liandikwe wazi juu ya fomu, liwe limesainiwa na mwenye mamlaka. Wahadhiri wamezoea kupimwa. Wanafunzi huwapima, idara huwapima, wakaguzi wa ubora huwapima. Mkiwapelekea karatasi nyingine bila maelezo, wataamini ni kipimo kingine, na watajibu kama watu wanaojilinda.

Wahadhiri wa muda nao hawaalikwi kwenye semina nyingi, ingawa wanabeba sehemu kubwa ya vipindi. Wanatumiwa kitini kwa baruapepe na kuachwa nacho. Kama kuna kundi linalopima kama kitini kinaweza kusimama chenyewe bila mwezeshaji, ni hilo, na sijawahi kuona dodoso likitumwa kwao.

Na kuna mwenzetu asiyeona vizuri. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Slaidi za maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, zinazopendwa sana na wabunifu, mara nyingi hazifiki hapo. Majedwali yaliyobandikwa kama picha hayasomeki na programu ya kusoma skrini, kwa hiyo jedwali la vitenzi nililolitaja juu, kwa mhadhiri asiyeona, halipo kabisa. Kasoro ya namna hii haihitaji kusubiri maoni ya mtu, maana vipimo vipo na vinajulikana. Lakini ikisubiri maoni, basi angalau aulizwe anayehusika.

Sisemi kila maoni yafuatwe. Mtumiaji anajua vizuri anapoumia, ila dawa anayoipendekeza si lazima iwe dawa. Mmoja atasema moduli ni ndefu mno, mwingine ataomba mifano zaidi, na ukikaa nao unagundua wote wawili wamechoshwa na kurasa sita za nadharia zinazotangulia mfano wa kwanza. Ukifupisha tu, umemkosa wa pili. Ukiongeza mifano mwishoni, umewakosa wote. Upeleke mfano mbele, nadharia ifuate, na malalamiko mawili yanatoweka kwa badiliko moja. Hilo huwezi kulipata kwa kuhesabu tiki, unalipata kwa kusoma maneno ya watu na kuwauliza swali la pili.

Kuna pia maoni ambayo kwa imani yangu yanapaswa kukataliwa kwa heshima. Katika kila semina wapo wanaotaka sehemu ya kuwashirikisha wanafunzi iondolewe, kwa hoja kwamba inapoteza muda wa kumaliza silabasi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wenzao wa madarasa shirikishi. Mwongozo usiiondoe sehemu hiyo kwa sababu haipendwi. Lakini malalamiko yale yana ukweli ndani yake: mhadhiri anawaambia kuwa shughuli mlizompa hazitoshei kwenye dakika hamsini. Mpeni shughuli ya dakika tatu. Mwonyesheni ni sehemu gani ya silabasi anaweza kuwaachia wanafunzi waisome wenyewe. Na mkikataa ombi lake, mwambieni kwa nini, kwa maandishi, akiona jina la aliyekataa.

Nimefika kwenye kiini cha maombi yangu, nacho ni cha kiutawala zaidi kuliko cha kitaaluma. Mwongozo haubadiliki kwa sababu hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuubadilisha. Kwa kawaida mtaalamu huajiriwa kuuandika, anakabidhi nakala ya mwisho, analipwa, mkataba unafungwa. Mwezeshaji kama mimi anauona ubovu lakini hana ruhusa ya kugusa faili. Kitengo kina ruhusa lakini hakina mtu wala saa zilizotengwa. Mratibu anayekusanya madodoso anapimwa kwa idadi ya semina alizoziendesha na idadi ya waliohudhuria. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na ukurasa umebaki vilevile.

Kwa hiyo kila moduli iwe na mwenyewe, mtu mwenye jina na anwani ya kazini vilivyoandikwa kwenye jalada la ndani, mwenye saa zinazohesabika kwenye mzigo wake wa kazi na mwenye mamlaka ya kurekebisha bila kusubiri kikao cha kamati kwa kila nukta. Mikataba ya uandishi isifungwe siku ya kukabidhi. Sehemu ya malipo ibaki hadi moduli itumike muhula mmoja na kurekebishwa kwa kufuata yaliyoonekana. Kila toleo liwe na namba na tarehe, na ukurasa wake wa kwanza uorodheshe kilichobadilika tangu toleo lililopita, nani alilalamika (kwa kundi, si kwa jina), na ombi lipi halikukubaliwa. Watengenezaji wa programu za kompyuta huandika orodha ya namna hiyo kila wanapotoa toleo, na mtumiaji anajua alichopata.

Ukurasa huo mmoja utafanya kazi kuliko kampeni yoyote ya kuwahimiza wahadhiri wajaze fomu. Watu huacha kujibu wanapoona hakuna kinachotokea, na hilo msiliite uvivu. Mhadhiri atakayefungua toleo jipya akakuta mfano wa ripoti ya maabara, na juu yake mstari unaosema umeongezwa kwa sababu wahadhiri wa uhandisi walikwama hapo, atawaandikia tena bila kuombwa.

Najua fedha ni finyu na moduli ni nyingi. Zipo zilizoandikwa kwa haraka mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, na bado zinamwelekeza mhadhiri kubofya vitufe ambavyo programu yenyewe imeshavihamisha. Hizo zinaweza kusubiri kidogo, maana mtu atavitafuta vitufe mpaka avione. Kama mnaweza kushughulikia moja tu muhula huu, naomba iwe ya tathmini, na nina sababu. ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022. Moduli ya tathmini tunayoitumia ilitangulia siku hiyo, na bado inamshauri mhadhiri atoe insha ya kuandikia nyumbani kama njia kuu ya kupima uchambuzi wa kina. Wahadhiri hawasubiri tena mwongozo. Mmoja amerudi kwenye mtihani wa kuandika kwa mkono ukumbini, mwingine anawahoji wanafunzi ana kwa ana kuhusu walichokiandika, mwingine anadai rasimu zote tangu ya kwanza, mwingine ameruhusu kila kitu kwa sharti la kueleza kilivyotumika. Kila mmoja anajaribu peke yake, na kuna yanayofaulu na yanayowaumiza wanafunzi bila sababu. Hakuna mtaalamu wa kukodiwa atakayekaa ofisini akayajua haya yote. Wanayajua wao.

Waiteni watano kwa kuanzia, kila mmoja aje na kazi aliyowapa wanafunzi wake muhula huu na alama zilizotoka. Wapeni moduli ilivyo, kalamu, na mtu wa kuandika watakayoyasema. Mimi nipo tayari kukaa kando yao na kuandika, na ninawajua wawezeshaji wengine walio tayari. Tunachokihitaji kutoka kwenu ni faili linaloharirika, jina la mtu atakayeyapokea maandishi yetu, na tarehe ya toleo linalofuata.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri na mwezeshaji wa mafunzo ya ufundishaji